Barua za Chama Zilivyopanda Amani

Dunia inaijua Amani, tarafa yetu ya milimani juu ya Muheza, kwa sababu ya mimea. Wajerumani walianzisha hapa kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, Waingereza wakakirithi, baadaye ukaja utafiti wa malaria, na mwaka 1997 msitu ukatangazwa hifadhi ya mazingira asilia. Kwa zaidi ya karne moja wataalamu wamepanda mlima huu na kuandika kila jani waliloliona. Mimi nataka kuandika habari za watu wasioandikwa sana: walimu wa shule za msingi za tarafa hii, na jinsi taarifa za kazi yao zilivyokuwa zikiwafikia.

Nilipangiwa huku mwaka 1990, nikitokea Chuo cha Ualimu Korogwe. Kutoka Muheza mjini hazifiki kilomita arobaini, lakini masika yakikolea barabara ya Kisiwani na Sigi ilikuwa tope jekundu, na mara nyingi gari lililothubutu kupita lilikuwa lori la chai la Kwamkoro au Bulwa. Mishahara ililipwa dirishani. Mwisho wa mwezi mwalimu mkuu alishuka Muheza, akapanda tena na fedha za shule nzima, boksi la chaki, na habari zote za kazi zikiwa ndani ya mkoba huohuo.

Chama chetu wakati huo kilikuwa JUWATA, jumuiya ya wafanyakazi iliyoundwa mwaka 1978 chini ya CCM. Mwalimu, kuli wa bandarini na mfanyakazi wa reli, sote tulikuwa humo. Makato tuliyaona kwenye hati ya mshahara, ila nani alikuwa akitusemea, na alikuwa akisema nini, hatukujua. Waraka ukitoka ulikwenda kwa mwajiri, mwajiri akaupeleka kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akaamua utasomwa lini. Sisemi walimu wakuu walikuwa watu wabaya. Wengi walikuwa wenzetu wa kuazimana chumvi na mafuta ya taa. Lakini mtu yuleyule anayekuandikia barua ya kujieleza hawezi kuwa ndiye njia pekee ya wewe kujua haki zako.

OTTU ilipochukua nafasi ya JUWATA mwaka 1991, huku juu lilibadilika jina tu. Mabadiliko yenyewe yalianza Chama cha Walimu Tanzania kiliposajiliwa tarehe 1 Novemba 1993. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi walimu walikuwa na chama chao wenyewe, na kila shule ilitakiwa kuwa na mwakilishi. Sisi tulimchagua madamu mmoja wa darasa la pili, Mbondei, mwanamke mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Alinunua kaunta buku kwa fedha yake, akaipiga mistari. Kila barua ya chama iliyofika aliandika kumbukumbu namba, tarehe iliyoandikwa, na tarehe tuliyoipokea. Halafu aliisoma saa nne wakati wa uji, yote, tangu anwani hadi mhuri, kisha akaibandika ofisini tulipowekea ratiba ya zamu.

Zile tarehe mbili zilitufundisha mengi. Barua ya kuita mkutano wa wilaya ingeweza kuandikwa mwanzoni mwa mwezi na kutufikia mkutano umekwisha. Tangazo la nafasi za masomo lilifika siku maombi yanafungwa. Madamu hakugombana na mtu. Alishuka Muheza na daftari lake, akalifungua mbele ya katibu wa wilaya, wakalisoma pamoja. Baada ya hapo barua zetu zilianza kupewa dereva wa lori la chai mkononi, na zilifika.

Pamoja na hayo, kuchelewa kuliendelea kutuumiza, na mwaka 2008 kulituumiza sana. Mwaka huo nchi nzima ilikuwa ikizungumzia madeni ya walimu: nauli za likizo, fedha za uhamisho, matibabu, malimbikizo ya waliopanda madaraja bila mishahara yao kupanda. Chama kilitangaza mgomo, na Oktoba mahakama ikauzuia. Serikali iliahidi kuhakiki madai, kila mwalimu alete vielelezo halisi. Mwenzetu mmoja aliyefundisha bondeni, upande wa Zirai, alikuwa akidai fedha za uhamisho kwa miaka mingi na alikuwa na kila karatasi, hadi risiti ya gari lililobeba kitanda chake. Tangazo la uhakiki lilimfikia wahakiki wakiwa wameshaondoka. Aliambiwa asubiri awamu nyingine. Hadi leo nikikumbuka jinsi alivyozikunja zile karatasi na kuzirudisha kwenye bahasha, naumia. Hakukosa haki. Alikosa taarifa ya siku moja.

Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika, ingawa mtandao ulikamatwa kwa kutafutwa, juu ya kilima au kando ya mti fulani unaojulikana. Nguvu yake tuliiona kwenye mgomo wa mwaka 2012. Chama kilikuwa kikidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na asilimia 30 kwa wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Hiyo ya mwisho ilitugusa sisi wa milimani kuliko wote. Mgomo ulianza Jumatatu, tarehe 30 Julai. Alhamisi, tarehe 2 Agosti, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikausimamisha.

Siku hizo nne zilikuwa ndefu. Watoto walikuja shuleni wakacheza uwanjani, wazazi wakasimama getini wakiuliza. Kuna mahali watu walishaanza kuandikwa majina. Redio ilisema mgomo umekwisha, ujumbe wa simu mmoja ukasema unaendelea, mwingine ukasema anayerudi darasani ni msaliti. Madamu alituambia tukae pamoja tusubiri neno la katibu wa wilaya, asitangulie mtu wala asibaki mtu. Alipanda kilima mwenyewe kutafuta mtandao, akapiga simu, akarudi na neno lenye jina la aliyelisema na saa aliyolisema. Tukarudi darasani sote. Sijawahi kuona kazi ya uwakilishi ikifanywa vizuri kuliko siku ile.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Yakaja makundi ya WhatsApp, la shule, la kata, la wilaya. Waraka uliokuwa ukichukua wiki tatu kupanda mlima sasa ulifika kabla wino haujakauka. Yalikuja na ya uongo pia: orodha za kupanda madaraja ambazo hakuna ofisi iliyozitoa, namba za watu wanaoomba fedha eti wakuhamishie kituo. Mwakilishi wetu mpya, kijana, aliweka sharti moja kwenye kundi la shule: taarifa isiyo na kumbukumbu namba hairushwi. Lilisaidia.

Kilichonifungua macho ni kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu. Mifuko ya pensheni ilipounganishwa mwaka 2018, watumishi wa umma wakaingizwa kwenye mfuko mpya wa PSSSF, na kanuni za mwaka huo zikashusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25. Kelele zilikuwa kubwa, na Desemba 2018 Rais Magufuli akazisitisha. Julai 2022 ikaanza kutumika asilimia 33. Wakati huo nilikuwa nikihesabu miaka yangu ya mwisho kazini, kama wengi wa rika langu, na makundi ya simu yalijaa hasira, sauti za kurekodiwa na hesabu zisizolingana.

Kiongozi mmoja wa chama wilayani alipanda hadi Amani akaomba chaki. Aliandika ubaoni mwalimu wa mfano: mshahara milioni moja kwa mwezi, utumishi wa miezi 360. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, mmoja wa mifuko iliyounganishwa, mshahara wa mwaka unazidishwa kwa miezi ya utumishi na kugawanywa kwa 540, inapatikana pensheni ya mwaka ya milioni 8; nusu yake mara 15.5, mkupuo ni milioni 62, na kila mwezi atapokea kama 333,000. Kwa kanuni mpya anagawa kwa 580, anachukua asilimia 33, anazidisha kwa 12.5: mkupuo ni milioni 30 na laki saba, na kwa mwezi kama 416,000. Chumba kilinyamaza. Wengine walikuwa wakiona hesabu yao kamili kwa mara ya kwanza, baada ya miaka thelathini ya kufundisha watoto kujumlisha na kutoa.

Ndipo mwalimu mmoja akasimama, akauliza kwa adabu: "Ndugu kiongozi, haya yalijadiliwa lini, na sisi tulikuwa wapi?" Mgeni wetu alijibu kwa uaminifu kwamba wafanyakazi waliwakilishwa kwenye mazungumzo. Ilikuwa kweli. Lakini hakuna aliyekumbuka rasimu kuletwa shuleni kwetu, wala tarehe ya mkutano wa kuijadili. Taarifa ilitufikia mapema sana siku ile, ila uamuzi ulikuwa umetangulia. Kwa mwaka wa fedha wa 2024/25 asilimia ikapandishwa hadi 40, na mwalimu yule wa ubaoni angepata mkupuo wa milioni 37 na laki mbili. Hilo lilitokana na watu kusema. Wangeulizwa kwanza, wangesema kwanza.

Mwanachama anakatwa asilimia 2 ya mshahara wake kila mwezi. Kwa fedha hiyo anastahili zaidi ya fulana ya Mei Mosi na tangazo la kilichokwisha kuamuliwa. Nimestaafu, sina cheo katika chama, na nayasema haya kwa kukipenda. Nawaomba viongozi wetu wa wilaya na taifa: rasimu ya makubaliano yoyote juu ya mishahara, pensheni au madaraja ishuke matawini kabla ya kusainiwa, tawi lipewe muda wa kujibu kwa maandishi, na majibu ya kila wilaya yatangazwe. Njia ya kuifikisha Amani ipo sasa, na walimu wa kuisoma wapo.