Mizani ya Uwanja wa Imbo

Kutoka Ujiji kwenda Bujumbura ziko njia mbili, ya maji na ya nchi kavu, na mimi, niliyelelewa na watu walioamini kwamba ziwa ndiyo barabara iliyonyooka kuliko zote, nilichagua ya nchi kavu, kwa kuwa mwanzoni mwa mwaka 2005 nilitamani kuiona kwa macho yangu nchi ambayo wakimbizi wake walikuwa wamejaa katika kambi za Kasulu na Kibondo kwa miaka mingi, na ambayo sasa, kwa mujibu wa habari zilizotufikia, ilikuwa inaanza kutulia. Nilikuwa nimepata kazi ya ukarani wa shehena katika uwanja wa ndege wa mji ule, kwa mkandarasi aliyezihudumia ndege za jeshi la amani la Umoja wa Mataifa, ambalo kila mtu kule, kuanzia waziri hata muuza karanga, aliliita kwa herufi zake za Kifaransa, ONUB.

Gari lilipovuka mpaka wa Manyovu na kushika njia ya Mabanda, tuliandamana na malori yaliyowachukua Warundi waliokuwa wakirejea kwao na magodoro, masufuria, fremu za milango walizozing'oa kambini, na kuku waliofungwa miguu. Na watoto waliozaliwa Tanzania, ambao Burundi waliijua kwa masimulizi tu, waliitazama milima ya wazee wao kwa macho ya wageni. Kutoka Nyanza-Lac barabara huandama ufuko, hupita Rumonge penye michikichi, na kabla ya kuufikia mji, mahali paitwapo Mugere, lipo jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Dereva alinihakikishia kwamba hapo ndipo walipoonana kwa mara ya kwanza, nami, kwa staha iliyompasa mtu aliyenizidi umri, nilimweleza kwamba walionana kwetu Ujiji, kisha wakaja huku pamoja kwa mtumbwi kuutazama mto Rusizi, wakathibitisha kwamba maji yake huingia ziwani wala hayatoki humo. Uwanja niliokuwa ninauendea umekaa katika bonde la mto huo huo, katika nchi tambarare ya Imbo.

Nilipata chumba Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambao njia zake zimepewa nambari badala ya majina, na ambao watu wake, wenye asili ya Ujiji na Manyema na pande nyingine nyingi, husema Kiswahili nyumbani, sokoni na msikitini, huku nyundo za mafundi wa magari zikilia tangu asubuhi hata magharibi. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane aliyeuza ndagala katika soko la Ruvumera, na mwanawe mdogo alikuwa akijifunza ufundi wa injini mbele ya nyumba yetu. Aliniuliza ukoo wangu, akautambua, akaniambia, “Basi wewe si mpangaji, mwanangu, wewe ni mtoto wa nyumba,” na tangu siku ile sikupata kula chakula cha usiku peke yangu.

Uwanja wenyewe, ambao siku hizi huitwa kwa jina la Rais Melchior Ndadaye, una jengo la makuba meupe ambalo halina kifani katika nchi zetu, na njia ya kurukia ndege yenye urefu wa mita 3,600, ndefu kupita haja ya mji ule katika siku za kawaida, ila siku zile hazikuwa za kawaida. Wageni wenye silaha walikuwa wamekwisha kuingia kwa mafungu: kwanza Waafrika Kusini mwaka 2001, walioletwa kuwalinda viongozi waliorejea kutoka uhamishoni baada ya mapatano ya Arusha ya Agosti 2000, ambayo Mwalimu Nyerere aliyaanza na Mzee Mandela akayakamilisha, kisha, mwaka 2003, jeshi la Umoja wa Afrika lenye Waafrika Kusini, Wahabeshi na Wamsumbiji, ambalo ndilo la kwanza kupata kutumwa na Umoja huo, kisha, tarehe 1 Juni 2004, wote hao wakavishwa kofia za buluu za Umoja wa Mataifa, wakaongezewa wenzao kutoka Pakistani, Nepali na kwingineko, kwa idhini ya askari wasiozidi 5,650.

Askari wa ghaibu wenye ndege hawakuwa jambo geni katika ziwa letu. Mwezi Juni 1916 Wabelgiji, waliokuwa wameazimwa na Waingereza ndege nne za kutua majini, waliziweka katika ng'ambo ya Kongo wakairushia mabomu Kigoma, wakiikusudia meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ambayo baadaye ilizamishwa na wenyewe, ikaibuliwa, na hata leo twaijua kwa jina la Liemba. Wazee wetu waliwahadithia watoto wao juu ya ndege na mabomu, lakini hawakupata kutuambia ni nani aliyewapikia marubani wale, aliyewachotea maji au aliyewabebea mapipa ya mafuta kutoka bara mpaka ufukweni, na naona ni hasara kubwa kwamba sehemu hiyo ya hadithi imepotea, maana ndiyo iliyokuwa kazi ya watu wetu.

Kazi yangu mimi ilikuwa mizani. Tuliamka kabla ya alfajiri, tukachukuliwa na gari dogo kwa njia ya Gatumba, na jua lilipochomoza nyuma ya milima tulikuwa tumekwisha kupanga uani magunia ya unga, katoni za maji, vipuri, betri, mahema na mifuko ya barua, kila kimoja kimepimwa na uzito wake umeandikwa kwa chaki na katika daftari; kisha tukawapima abiria, mmoja mmoja, pamoja na begi na silaha yake, pasipo kubagua kati ya kuruta na kanali. Mtu asiyejua angedhani ni usumbufu wa makarani. Bujumbura iko mita 780 na ushei juu ya bahari, na joto la Imbo huipunguzia hewa uzito, hata helikopta ambayo alfajiri huinuka na shehena kamili hulemewa na shehena ile ile ifikapo adhuhuri. Na mashariki ya mji husimama safu ya milima igawayo maji ya Kongo na maji ya Nili, ambayo vilele vyake hupita mita 2,600, na ambayo mchana mawingu huifunga. Kwa hiyo ndege za kwenda Gitega, Ruyigi na Makamba zilikuwa hazina budi kuondoka asubuhi, na kilo ishirini zilizofichwa na afisa mwenye haya ya kuacha mizigo yake zingeweza kuwa kilo za mauti. Niliwahi kusimama mbele ya wakubwa waliokunja uso, nikisubiri washushe sanduku, na marubani hawakuniacha peke yangu hata mara moja.

Mwaka ule shehena iliyotuchosha zaidi ilikuwa karatasi. Warundi walipiga kura ya maoni juu ya katiba tarehe 28 Februari, wakachagua madiwani mwezi Juni na wabunge mwezi Julai, na kwa kuwa katika uchaguzi wao kila chama kilikuwa na karatasi yake, ambayo mpiga kura huitia katika bahasha, nchi ndogo kama ile ilihitaji karatasi nyingi ajabu. Wapakiaji wetu, ambao wengi walikuwa vijana wa Buyenzi, Cibitoke na Kinama, na ambao miaka kumi nyuma wasingethubutu kuingia katika mitaa ya wenzao, walizibeba katoni zile kwa uangalifu ambao hawakuuonyesha kwa bia za askari, na nilipomuuliza mmoja kwa nini alikuwa akiifuta vumbi katoni ambayo ingetiwa katika vumbi jingine baada ya saa moja, alinijibu kwamba humo imo kura ya mama yake aliyeko Ruyigi. Nimesafiri kidogo na kusoma kidogo, na sijapata kuona kazi ya mikono iliyofanywa kwa heshima kubwa kuliko ile.

Maisha ya askari wenyewe, nilivyoyaona katika kambi zilizopakana na uwanja, yalikuwa zaidi ya yote maisha ya kufua, kufagia, kujaza viroba vya mchanga na kungoja. Ndege ya Hercules ya Afrika Kusini ilipotua kutoka Waterkloof, karibu na Pretoria, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,400, watu waliikimbilia kwa ajili ya barua na vifurushi kabla ya kuuliza kilicholetwa cha kijeshi. Wahabeshi walihangaikia injera yao. Wapakistani waliposhuka mjini siku ya Ijumaa walisali nasi. Na miongoni mwa Wamsumbiji alikuwamo sajini wa Cabo Delgado ambaye Kiswahili chake cha pwani kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wetu, aliyekuwa akija kwenye banda la mizani kwa muradi wa kuzungumza tu, na ambaye aliniambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtoto wakati askari wa nchi nyingine walipolinda amani kwao, hapo vita vya Msumbiji vilipokwisha mwaka 1992.

Usiku ulikuwa na sheria yake. Kundi la waasi la FNL lilikuwa bado halijaweka silaha chini, na kutoka milima ya Bujumbura Vijijini tulisikia bunduki. Kila siku tulipokuwa tukienda kazini kwa njia ile ya Gatumba, nilikumbuka kwamba mbele yake kidogo, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 waliotoka Kongo, wengi wao Wanyamulenge, wanawake na watoto wasiohesabika kwa urahisi miongoni mwao, waliuawa katika kambi yao, na FNL wakakiri kuwa ni wao. Uwanja wenye ndege, mnara, taa na walinzi wa mataifa ulikuwa jirani. Sisemi haya kwa kumshtaki mtu. Nasema kwa kuwa wafanyakazi wenzangu walikuwa wakiyasema garini, kwa sauti ya chini, na kwa kuwa yeyote atakayeandika habari za walinda amani wa Bujumbura akaiacha Gatumba atakuwa hakuandika.

FNL walitia saini ya kusimamisha vita Dar es Salaam tarehe 7 Septemba 2006, na ONUB ikafunga kazi tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Tuliyapima makontena yale yale tuliyoyapokea. Waafrika Kusini wengine walisalia, chini ya Umoja wa Afrika, mpaka mwaka 2009, nami nikasalia pia, maana shehena hazikosekani.

Kisha ikaja Desemba 2007, na mambo yakageuka kwa namna ambayo hakuna aliyeibashiri katika mitaa yetu: Warundi wenyewe walipanga mstari mbele ya mizani, wakiwa na mabegi mapya, kwenda Mogadishu kulinda amani ya Wasomali, nyuma ya Waganda waliotangulia mwezi Machi. Jeshi lao lilikuwa limeundwa kwa kuwachanganya askari wa serikali ya zamani na wapiganaji wa msituni, na katiba ya 2005 ilikataza kabila moja lizidi nusu ya jeshi, kwa hiyo katika mstari ule mmoja walisimama watu waliokuwa wakiwindana milimani miaka mitano nyuma. Niliwapima. Waliazimana kalamu za kujazia fomu. Nilijawa na fahari ambayo sina haki nayo, kwa kuwa mimi ni Mtanzania, lakini nilijawa nayo.

Tarehe 22 Februari 2009 askari kumi na mmoja wa Burundi waliuawa katika kambi yao ya Mogadishu, katika majengo yaliyokuwa ya chuo kikuu, na tarehe 17 Septemba mwaka huo huo shambulio jingine, lililofanywa katika makao makuu yaliyo kando ya uwanja wa ndege, lilimwua naibu mkuu wa jeshi lile la Umoja wa Afrika, Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguruza wa Burundi. Miili ilirejea kwa njia ile ile ya mita 3,600. Daftari la shehena lina safu ya aina ya mzigo, na makarani wote wa zamu tulikubaliana, bila kuamriwa na mtu, kuyaandika majina kamili mahali hapo.

Mtoto wa mama wa Ruvumera, yule wa injini, alikuwa amekwisha kuingia jeshini, na zamu ya kikosi chake ikatajwa. Mama yake alikuja chumbani kwangu baada ya isha akaketi kitako mlangoni. Hakuniuliza juu ya vita. Aliniuliza watalala ndani ya nini, maji watayapata wapi, atakayewapikia ni nani, na kama nguo zao watafua wenyewe. Na kwa kuwa mambo ya kambi ya ugenini nilikuwa nimeyaona kwa Waafrika Kusini na Wamsumbiji, nilimjibu moja baada ya jingine: hema au kontena, matangi yaletwayo kwa malori, wapishi wa kikosi, ndiyo, watafua wenyewe. Akataka kujua kama ataruhusiwa kumfungia ndagala na mawese. Nikamwambia ndagala wakavu hawana neno, wafungwe katika mifuko miwili wasitoe harufu, ila mawese yasitiwe katika chupa ya kioo, yatiwe katika dumu la plastiki lenye kizibo cha kukaza, wala lisijazwe mpaka mdomoni, kwa kuwa mafuta yakipata joto hutanuka, na chombo kilichojazwa hufura na kuvuja. Na vyote pamoja visizidi kilo tano, maana bado kuna buti, blanketi na silaha. Akanitaka niyarudie ya dumu, nikayarudia, na asubuhi yake kabla ya kufungua meza yake ya samaki alikwenda kulinunua.