Beetle la Marehemu Baba: Dalali Alisema Injini Imenoki, Kumbe...

Mjini hapa ukitaka kupoteza mali bila kuibiwa, miliki gari la zamani lisilowaka halafu usijue kwa nini haliwaki. Kila atakayelichungulia ataondoka na jibu lake, na kila jibu litakuwa na bei.

Yamemkuta dada mmoja wa Sinza, jina kapuni, mpambaji wa maharusi ambaye huko Instagram anajulikana vizuri tu. Baba yake alipofariki aliacha watoto watatu, nyumba, na Volkswagen Beetle la 1972, rangi ya maziwa. Gari likakaa uani miezi minane chini ya turubai, kuku wakaligeuza kivuli. Kaka mkubwa alitaka liuzwe wagawane, maana ana ada za watoto zinamkaba. Mdogo wao hakuwa na neno. Dada yeye alikuwa na hesabu zake: maharusi wanalipa hela kupiga picha na gari kama lile, na yeye maharusi ndiyo wateja wake kila wikiendi.

Dalali akaja na kijana wa gereji na betri lao. Funguo ikazungushwa, ikasikika "tak!" moja, basi. Ikarudiwa, "tak!" Kijana hata boneti ya nyuma hakufungua. "Injini imenoki hii." Dalali akataja milioni moja na laki mbili, "kama skrepa, na hapo nakusaidia tu dada yangu." Kaka mkubwa akakubali kwenye grupu la WhatsApp la familia kabla hata ya chai ya saa nne. Dada akaomba wampe siku tatu.

Sasa, Beetle si gari la kutupwa kirahisi hivyo. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani, la mwisho likatoka kiwandani Mexico mwaka 2003, ndiyo maana spea zake mpaka leo zinapatikana. Hata Safari Rally ya Afrika Mashariki lilishawahi kuibeba, mwaka 1954 na tena 1962, kwenye vumbi na matope yaliyoshinda magari makubwa. Kwa hiyo swali halikuwa kama lina thamani. Swali lilikuwa moja tu: stata inagoma kuzungusha injini kwa sababu gani?

Dada alienda Gerezani kumtafuta mzee mmoja aliyekuwa akimtengenezea baba yake. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Lile jeupe bado mnalo?" Kesho yake mzee akafika Sinza na kibegi chake: spana, bisibisi, waya za kubusti na mita ya umeme ya mshale. Stata mpya hakubeba. Betri la nyumbani alikuwa ameagiza lichajiwe usiku kucha.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kupima madai ya yule kijana. Aliweka gia huru, akafungua boneti ya nyuma, akachukua spana ya 21, akaishika nati ya puli ya dinamo huku mkono mwingine ukiukandamiza mkanda. Akavuta taratibu. Puli ikazunguka, mkanda ukavuta puli ya chini, injini ikazunguka. Nzito kidogo lakini inazunguka. Akamwita dada ajaribu mwenyewe. Akavuta na kucha zake ndefu zile, ikazunguka.

"Iliyonoki haizunguki, mwanangu. Hilo tumalize."

Sekunde thelathini. Spana moja. Neno lililoshusha bei ya gari zima likawa limekufa palepale uani.

Cha pili, mzee aliwasha taa kubwa, akamwambia dada apige stata huku yeye akiangalia taa. "Tak!" Taa hazikushtuka, zilibaki zinawaka vilevile. Kwa mtu wa kawaida hiyo si habari. Kwa mzee ilikuwa nusu ya jibu. Stata ikifanya kazi hula umeme mwingi sana. Betri likiwa dhaifu, taa zitafifia au utasikia "tik-tik-tik" ya haraka. Injini ikiwa imekwama kweli, stata itahangaika kuisukuma na taa zitazimia karibu kabisa. Taa zikibaki kali huku stata imelala, maana yake umeme haufiki huko unakotakiwa. Betri linao, ila njia imekatika mahali.

Mzee akapima betri chini ya kiti cha nyuma, ndipo linapokaa kwenye Beetle. Mshale ukasoma volti 12 na nusu. Funguo ikapigwa, mshale haukushuka. Jibu lilelile kwa lugha nyingine: betri halijaombwa kitu.

Hapa ndipo wengi wanapopigwa hela. Mtu akishasikia "umeme haufiki", fundi wa kubahatisha anamuuzia stata. Ikigoma anamuuzia swichi ya funguo, halafu betri. Kwenye Beetle kuna na mtego wa ziada: kwenye mengi ya zamani, bushi inayoshika ncha ya shafti ya stata haipo kwenye stata yenyewe, imekaa ndani ya nyumba ya giaboksi. Bushi ikiisha, shafti inacheza na stata inasugua. Unanunua stata mpya, unaifunga kwenye bushi ileile iliyokwisha, unarudi ulikotoka.

Mzee hakununua chochote. Aligawa njia vipande vipande. Umeme wa kuamsha stata ya Beetle unasafiri kutoka betri kule nyuma, unakwenda mbele kwenye funguo, kisha unarudi tena nyuma. Waya mrefu wa miaka hamsini huchoka, na wengine hufunga rilei kule nyuma ili kufupisha safari hiyo. Kwa hiyo mzee alitaka kujua kama safari ndiyo tatizo. Alihakikisha gia iko huru, akavuta hendibreki, akaweka mawe kwenye magurudumu, ndipo akaingia chini na kugusanisha terminali mbili za solenoidi kwa bisibisi, akiruka funguo na waya wake wote. (Wewe usijaribu kama hujui: gari likiwa kwenye gia litakupitia.) Ikalia "tak!" ileile.

Basi funguo haina kosa, na waya mrefu hauna kosa.

Kilichobaki ndicho ambacho watu hawakifikirii: umeme ukishakwenda lazima urudi. Stata imefungwa kwenye giaboksi, na umeme wake unarudi betrini kupitia chuma cha giaboksi. Lakini giaboksi la Beetle limekalia mipira ili lisitetemeshe gari, na mpira haupitishi umeme. Ndiyo maana kuna waya mpana uliosukwa kama nywele za rasta, unaounganisha sehemu ya mbele ya giaboksi na bodi. Mzee akaweka ncha moja ya mita kwenye negativu ya betri, nyingine kwenye chuma cha giaboksi. Dada akapiga funguo. Mshale uliotakiwa kukaa karibu na sifuri, chini ya nusu volti, ukaruka hadi 9 huku ukitetemeka.

Mzee akacheka. "Umekosa njia ya kurudi, ndiyo maana inagoma." Akaeleza kwamba waya huo ukifa kabisa, umeme huanza kupita njia za panya: kebo ya klachi, kebo ya mafuta. Kuna magari ambayo kebo hizo zilipata moto na kuharibika, mwenye gari akawa anabadilisha kebo kila mara bila kujua adui ni nani.

Akachukua waya mmoja wa kubusti, ncha moja kwenye negativu ya betri, nyingine kwenye boliti la giaboksi. "Piga."

Injini ikazunguka. Ruu-ruu-ruu-ruu, kwa nguvu, kuku wakatawanyika, mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Haikuwaka siku hiyo, na mzee alishasema haitawaka: petroli ya miezi minane imeshaoza, na kuzunguka na kuwaka ni mambo mawili tofauti. Lakini mama hakujali tofauti hiyo. Alisimama mlangoni akisikiliza, machozi yakamtoka, akarudi jikoni bila kusema.

Waya wa zamani ulipotolewa, betri likiwa limeshatenganishwa, ulikuwa umeliwa na kutu mpaka umebaki nyuzi chache. Mpya ulipatikana Gerezani kwa elfu 15. Sehemu za kufungia zikapigwa msasa hadi chuma kikang'aa. Tangi likamwagwa, kabureta likasafishwa, na siku ya tatu jioni gari likawaka.

Dada akatuma video kwenye grupu la familia. Hakuandika neno, sauti ya injini ilitosha. Kaka mkubwa aliiona, akakaa kimya mpaka usiku, kisha akapiga simu. Hakuomba radhi, kaka wakubwa hawana desturi hiyo. Aliuliza tu: "Sasa linaweza kwenda harusini lini?" Dada naye hakujifanya ada za watoto hazipo. Walikubaliana hela ya harusi tatu za kwanza iende shule moja kwa moja, halafu mwisho wa mwaka wakae tena wote watatu. Wakiamua kuuza, watauza gari linalotembea, kwa bei ya gari linalotembea.

Dalali alipiga juzi. Kasikia gari limeonekana Mwenge, sasa anataja milioni tano. Gari ni lilelile, rangi ileile, mikwaruzo ileile. Kilichobadilika ni waya wa elfu 15, na mwenye gari kujua anachomiliki.

Wewe kwenye uwanja wa kwenu kuna nini chini ya turubai, na nani alikwambia kimekufa? Alikipima, au alisikia "tak!" tu?