Mtunzi Hajulikani: Sauti za Wanawake kati ya Kibera na Kawangware

Mwanafunzi mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Kawangware, alikusanya nyimbo za arusi za Wanubi wa Kibera kwa ajili ya tasnifu yake. Jedwali lake lilikuwa na safu nne: mahali, tarehe, ala, mtunzi. Safu tatu za kwanza zilijaa bila taabu. Ya nne aliijaza, tangu juu hadi chini, kwa maneno mawili: mtunzi hajulikani.

Alikuwa amelelewa katika uhakiki uliozoea majina. Mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko, ambao Kezilahabi aliuchochea kwa Kichomi mwaka 1974, aliusoma kuwa ndiyo hadithi ya majaribio katika ushairi wa Kiswahili: nani aliviacha vina, nani aliitetea mizani. Majina aliyoyakariri yalikuwa ya wanaume, na uwanja wao ulikuwa kitabu. Haikumpitikia kwamba majaribio yaweza pia kufanywa kwa koo.

Aliyemzindua ni Siti binti Saad. Mwaka 1928 Siti alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri, akaimba kwa Kiswahili taarab ambayo katika kasri la Sultani ilizoeleka kwa Kiarabu. Katika wimbo wa Kijiti, unaonasibishwa naye, kisa cha mauaji ya mwanamke na hukumu ya mahakama kiligeuzwa kuwa tungo. Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza Siti, hakubaki mwigaji. Hadi alipofariki mwaka 2013 alijulikana kwa taarab na kwa ngoma ya unyago pia. Mwanafunzi alipofungua daftari lake la zamani, alikuta juu ya wote wawili ameandika "sauti nzuri". Juu ya utunzi hakuandika neno.

Nairobi nayo ilikuwa na mifano yake. Nazizi Hirji aliingia katika muziki wa kufokafoka mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati jukwaa lilikuwa limejaa vijana wa kiume. Suzanna Owiyo aliingiza katika nyimbo zake nyatiti, ala ya Waluo iliyohesabiwa kuwa ya wanaume. Hawa walikuwa na kanda na majina yaliyochapwa. Je, wasiokuwa na kanda?

Kwa swali hilo alirudi Kibera, makazi yaliyoanzishwa na askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20. Wajukuu wao bado wanaicheza doluka arusini. Baada ya ngoma alimwendea mwimbishaji, mama mtu mzima.

"Bibi, wimbo huu nani aliutunga?"

"Ni wetu sote, mwanangu."

Jibu hilo alikwisha kulipata mara nyingi, na ndilo lililoijaza safu ya nne. Safari hii aliuliza vingine: wimbo uliimbwa hivi tangu zamani? Bibi akacheka. Pale ngoma inaponyamaza na sauti ikabaki peke yake, akasema, hapakuwapo enzi za mama yake. Siku moja mvua ililegeza ngozi ya ngoma katikati ya arusi. Yeye akaendelea kuimba bila mapigo, watu wakatulia kimya. Arusi iliyofuata ngozi ilikuwa kavu, lakini aliwaomba wapigaji wanyamaze palepale.

Juma lililofuata, ng'ambo ya pili ya barabara ya Ngong, mwanafunzi alimsikiliza msichana wa Kawangware akiimba na kinanda cha umeme. Kabla ya kibwagizo kinanda kilinyamaza, sauti ikatembea peke yake. Msichana alisema aliyapata hayo katika arusi za Kibera. Nani aliyaanzisha, hakujua.

Mwanafunzi alirudi kwenye jedwali. Kuandika kwamba Bibi ndiye mtunzi wa wimbo mzima kungekuwa uongo, kwa maana mistari mingi aliirithi. Kuandika "hajulikani" kungekuwa uongo mkubwa zaidi. Akaigawa safu ya nne sehemu mbili: waliopokea, na aliyebadili. Katika ya pili, kwa idhini ya mwenyewe, aliandika jina moja. Nafasi zilizobaki aliziacha wazi, akachukua daftari na kuanza kuwatembelea upya waimbishaji wote aliokwisha kuwahoji.