Mwalimu wa Wapasuaji

Kila kazi ya mikono ina shule yake, na shule hiyo aghalabu huwa ubavuni pa mwenye kuijua. Huku kwetu Ronge, katika milima ya Taita, msichana hujifunza kusuka kikapu cha mkonge akiwa ameketi karibu na mama au nyanya yake. Akikosea, mkono wa mkubwa huushika mkono wa mdogo, na uzi hurudi mahali pake. Upasuaji nao ulifundishwa hivyo tangu zamani. Daktari mmoja hana mikono ya kutosha kukata, kutanua jeraha na kuzuia damu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwanafunzi alihitajiwa, na kwa kuhitajiwa alijifunza.

Roboti imeibadili shule hiyo. Mwaka 2000 roboti iitwayo da Vinci iliruhusiwa Marekani kwa upasuaji wa tumbo. Haifanyi kazi kwa akili yake yenyewe. Daktari huketi hatua chache kutoka kitanda cha mgonjwa, macho yake kiooni na vidole vyake katika vishikio, na mikono ya chuma huufuata mwendo wa vidole hivyo kupitia matundu madogo. Hata umbali umeshindwa: tarehe 7 Septemba 2001, kwa roboti ya aina nyingine, Jacques Marescaux akiwa New York aliuondoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa.

Lakini mtu mmoja aketiye kitini aweza kuiongoza mikono yote ya chuma. Mwanafunzi huachwa pembeni akitazama. Mwaka 2019 mtaalamu wa Marekani, Matthew Beane, alieleza katika utafiti wake jinsi wanafunzi wengi wa upasuaji huu walivyopata nafasi haba ya kuutenda wenyewe. Na kutazama si kutenda.

Tusifanye haraka kumlaumu mwalimu. Uhai wa mgonjwa uko mikononi mwake, na yeye mwenyewe alifundishwa kwa njia ya kale. Asaidiwe, basi. Apewe mashine ya mazoezi, ambamo kosa halimwagi damu ya mtu. Apewe kiti cha pili kilichounganishwa na cha kwanza, ili aweze kumwachia mwanafunzi vishikio na kuvitwaa tena mara hatari ionekanapo. Apewe saa za kufundisha, zisihesabiwe kuwa saa zilizopotea. Zaidi ya yote, afundishwe kufundisha.

Katika chuo cha ualimu nilijifunza kwamba kujua hesabu ni jambo moja, na kumjulisha mtoto hesabu ni jambo jingine. Tulipokuwa katika mazoezi, mkufunzi aliketi nyuma ya darasa, kimya. Kimya hicho kilikuwa na kipimo: alijua kosa lipi tuachiwe tulisahihishe wenyewe, na lipi lizuiwe papo hapo. Mwalimu wa roboti anahitaji kipimo hicho zaidi yetu. Hawezi kuushika mkono wa mwanafunzi. Hana budi kuuongoza kwa maneno. Neno “angalia” halimfai mtu asiyejua aangalie nini.

Afrika ya Mashariki haikulala. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha, hufundisha katika hospitali za nchi nyingi, na kimeendesha mafunzo ya wakufunzi kwa msaada wa wenzao wa Ireland. Mwaka 2023 tawi la chuo alichokianzisha Marescaux huko Strasbourg lilifunguliwa Kigali, kufundisha upasuaji wa matundu madogo.

Mgonjwa wa Ronge apelekwaye hospitali ya Voi huenda asiione roboti maishani mwake. Lakini daktari atakayewapasua watoto wake yumo shuleni sasa, na yamkini ni wewe usomaye hapa. Ustadi wako siku hiyo utategemea sana kama kulikuwa na mwalimu aliyejua wakati wa kukuachia kiti, na kama kulikuwa na watu waliomsaidia kuujua.