Nyuzi Nne za Detroit

Twende pamoja mpaka Detroit, mji wa Marekani ulio kando ya mto unaoitenga nchi hiyo na Kanada. Wengi wanaujua kwa viwanda vyake vya motokaa. Sisi leo tunatafuta nyumba moja tu, namba 2648, katika barabara ya West Grand Boulevard. Ni nyumba ya kawaida, yenye rangi nyeupe na buluu, na mbele yake imeandikwa: Hitsville U.S.A.

Berry Gordy aliinunua mwaka 1959. Alikaa ghorofani na jamaa yake, na chini akatengeneza chumba cha kurekodia nyimbo. Kampuni yake, Motown, ilihamia Los Angeles mwaka 1972, na tangu 1985 nyumba ni makumbusho. Utashangaa jinsi chumba kile kilivyo kidogo. Humo walibanana waimbaji, wapiga piano na ngoma, na James Jamerson, mpiga gitaa la besi.

Gitaa hili la umeme, lenye nyuzi nne nene, lilianza kuuzwa na Leo Fender wa California mwaka 1951. Kazi yake ni kushika sauti ya chini, kama msingi wa nyumba: haitazamwi sana, lakini ikiyumba, wimbo wote unayumba.

Je, nyuzi zote si sawa? Sivyo. Kila uzi una moyo wa chuma, na moyo huo huzungushiwa waya. Waya ukiwa bapa, uzi ni laini kama utepe, na sauti yake ni nzito na tulivu. Waya ukiwa wa mviringo, uzi una mikwaruzo, na sauti yake ni kali na yenye kung'aa. Kule Uingereza, mwaka 1966, John Entwistle wa bendi ya The Who alishirikiana na watengenezaji wa Rotosound kupata nyuzi za namna hiyo, maana alitaka besi yake isikike mbele. Lakini nyuzi hizo hula upesi vyuma vidogo vya shingoni, na mng'ao wake hufifia zikichakaa.

Jamerson alichagua waya bapa, wa La Bella. Uzi wake mkubwa ulikuwa mnene karibu milimita tatu. Tena hakuubadili ovyo; alingoja mpaka ukatike. Alipiga kwa kidole kimoja tu cha kwanza, na sauti ikatoka ya mviringo, ikimbeba mwimbaji bila kumfunika.

Basi, ikiwa ninyi kijijini mmechanga fedha mkanunua gitaa la besi, msikimbilie pakiti yoyote dukani. Kwanza hesabuni nyuzi: nne au tano? Pili pimeni urefu wa uzi unaolia, toka daraja mpaka kichwani mwa shingo; magitaa mengi ni inchi 34, mengine 30. Uzi mfupi hautafika. Tatu someni unene: 45 mpaka 105 ni wa kawaida. Mkibadili unene sana, shingo yaweza kupinda, na fundi atahitajika kuirekebisha. Nne, nyuzi ziwe na chuma ndani, maana sumaku ya gitaa haisikii nailoni tupu. Kisha jiulizeni: twataka kuwabeba waimbaji, au kusikika mbele yao? Jibu hilo ndilo litakalowaambia, waya bapa au wa mviringo.

Kwa miaka mingi jina la Jamerson halikuandikwa juu ya sahani za santuri. Mwaka 1971 Marvin Gaye alipotoa santuri yake What's Going On, majina ya wapigaji yaliandikwa, na la Jamerson likiwamo. Alifariki mwaka 1983. Watu walikuwa wamecheza kwa nyuzi zake miaka yote hiyo bila kumjua. Wewe ukisikia wimbo leo, sikiliza chini.