Kuruka Juu

Baada ya darasa la jioni, vijana wa mpira wa wavu huniuliza wafanyeje ili waruke juu zaidi. Mwalimu wa michezo Yuri Verkhoshansky wa Urusi alifundisha njia moja miaka ya 1960.

Panda juu ya sanduku imara. Piga hatua mbele, utue kwa miguu yote miwili. Ukigusa ardhi tu, ruka juu upesi. Msuli ni kama mpira wa manati: ukivutwa, hurudi kwa nguvu. Ukikawia chini, nguvu hiyo hupotea.

Mimi huwaanzisha na sanduku la sentimeta 30, penye nyasi. Wao wanataka kuruka kutoka ukutani! Siwakubalii. Magoti hayo watayahitaji shambani. Tunaruka mara chache, kisha tunapumzika siku mbili.