Siku nne Ujiji, na bwana yangu

Tangu turudi kutoka ng'ambo ya ziwa, wengi mnaniuliza maswali mawili: watoto mliwaachia nani, na huko mliona nini? Watoto walibaki kwa mama mkwe. Pesa zilitoka katika likelemba ya walimu, zamu yangu ilipofika wakati shule zimefungwa. Tuna miaka kumi na miwili ya ndoa, na hatukuwa tumesafiri hata mara moja sisi wawili bila kuitwa na msiba. Swali la pili ndilo refu.

Tulipanda meli Kalemie, tukalala juu ya maji, tukashuka Kigoma. Kigoma ni mji wa gari la moshi. Wajerumani walifikisha reli hapo mwaka 1914, na stesheni yao ingali inasimama karibu na bandari. Bwana yangu ni fundi wa mashine, kwa hiyo alitaka kusikia habari za meli Liemba tu: ilijengwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, ikainuliwa tena 1924. Nilimwacha azungumze na mabaharia, mimi nikanunua kitenge.

Ujiji ni kilometa chache kutoka hapo, na ndiyo tuliyoendea. Mji wa zamani kweli: nyumba za chini, misikiti, miembe mikubwa, wamama waliojifunga kanga. Wasichana waliniamkia "shikamoo". Mimi nikajibu "jambo", kama kwetu, na bwana yangu akacheka hadi pembeni ya njia. Mara ya tatu nilikwisha kujua kusema "marahaba".

Watu huenda pale kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone chini ya mwembe. Mwembe wenyewe ulikufa zamani. Iliyopo leo imetokana nao. Kuna nguzo ya mawe yenye tarehe 10 Novemba 1871, na ndani ya jumba la makumbusho kuna sanamu za wazungu hao wawili wakisalimiana kwa kofia. Wageni hupiga picha, wanaondoka. Sisi pia tulipiga.

Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu huuliza mtu ametoka wapi kabla ya kufika. Livingstone alikuwa ametoka kwetu, Maniema. Alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, ambako kulikuwa na soko kubwa, na wengi waliofika sokoni walikuwa wanawake. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, watu wenye bunduki wa wafanyabiashara wa watumwa walianza kubishana juu ya bei ya kuku, kisha wakapiga risasi. Wamama wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, wengine wakajitupa mtoni. Livingstone aliandika kwamba wauaji wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya gazeti la zamani kwa wino aliotengeneza kwa mimea. Siku chache baadaye akaondoka, akatembea miezi mitatu mpaka Ujiji, mgonjwa. Maandishi yake yalipofika Ulaya yalisaidia kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873.

Nilikaa kwenye kivuli cha mwembe nikifikiri juu ya kuku yule. Salamu ya wazungu wawili inajulikana dunia nzima. Wamama waliobeba vikapu vyao asubuhi ile hatujui jina la hata mmoja. Na sisi tunaoenda soko kila juma, tukisikia mlio tunajua mbio zile ni za namna gani.

Njia hiyohiyo ya pembe na watumwa, kutoka Maniema, kuvuka ziwa, kupita Ujiji mpaka Bagamoyo baharini, ndiyo iliyotuletea pia Kiswahili tunachoandikia gazeti hili. Jambo hilo bado linanisumbua, wala sina namna ya kulipanga vizuri.

Sokoni Ujiji, mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza dagaa (ndiyo ndagala yetu) alisikia matamshi yetu akauliza tumetoka upande gani. Bwana yangu akasema baba yake ni mtu wa Kasongo. Mzee akaweka kikombe chini. Babu zake, akasema, walikuwa Wamanyema. Hakujua kama walikuja kwa hiari au kwa kamba, nyumbani kwao halikusemwa. Wako wengi Ujiji wenye asili hiyo. Alimwita bwana yangu "mjukuu" na akatuongezea vikombe viwili bila malipo.

Anayetaka kwenda: pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na dola kidogo za kubadilisha kwa shilingi. Mawese msibebe, yapo tele. Makumbusho huisha kwa saa moja, lakini jipeni siku mbili Ujiji, mpate wakati wa kuketi na wazee.